Samaki wanakufa, mke anamshuku dada wa kazi, na mimi katikati sijui nishike lipi

Shikamoo mama. Naomba jina langu usiliweke. Niko Dar, nina mke na mtoto mmoja wa miaka tisa, na tatizo langu kila ninaemsimulia anaanza kwa kucheka, eti samaki, ila ndani ya nyumba yangu halichekeshi tena.

Iko hivi. Tulipokuwa tumepanga Magomeni nilikuwa na kitenki kidogo cha samaki, gapi wachache na gurami wawili, miaka yote hawana shida na mwanangu kakua akiwaangalia. Mwaka huu tukahamia Tabata kwenye nyumba yetu, sebule kubwa, nikasema sasa na mimi nijipongeze, nikanunua tenki jipya la lita 120, filta mpya, pampu ya hewa, mawe meupe, taa, kile kitenki cha zamani na filta yake nikamgawia jirani wa Magomeni. Nikahamishia wale wa zamani, nikaongeza goldfishi sita, moli nane na enjeli wanne. Lilipendeza mama, wageni wakija wanageuza viti kuliangalia, tv haina mtu. Mwezi huohuo dada wa kazi tuliekuwa nae aliolewa akaondoka, akaja huyu wa sasa, binti wa Singida, mpole, maneno yake machache.

Wiki ya pili tu wakaanza kufa. Sio wote kwa mpigo, leo wawili, siku kadhaa kimya, alafu watatu. Wanapanda juu wanakaa midomo kwenye uso wa maji wanahema, mapezi wameyabana, asubuhi unakuta mtu kalala kwenye mawe. Wengine wakatoa kitu cheupe kama pamba mdomoni. Enjeli mmoja yeye alikonda taratibu mpaka mgongo ukapinda. Gapi wote wameisha. Ila wale gurami wawili mpaka leo wazima wanakula, ndo kitu kinachonichanganya.

Na uchafu sio, hilo niseme mapema. Kila Jumamosi natenga muda, natoa maji karibu yote, naosha mawe, sponji ya filta naikamua kwenye bomba mpaka inarudi rangi yake, najaza maji mapya. Bomba likitoa natumia ya bomba, lisipotoa tunanunua boza, yote yanapitia tenki la juu. Yanang'aa mpaka unaona ukuta wa nyuma. Hao wenye pamba nilienda duka la dawa za mifugo nikapewa unga wa antibaiotiki wa kuku, nikaweka, nikaweka na chumvi, ndo kwanza waliobaki wakazidiwa.

Mke wangu anasema ni binti. Saa kumi na mbili jioni huwa anapuliza dawa ya mbu vyumbani, mke anasema anapuliza na sebuleni makusudi, maana aliwahi kumsikia anasema kwao samaki wanaliwa, hawawashiwi taa. Binti analia anasema sebuleni hapulizi. Mama yangu mzazi alipokuja akasema hiyo ni husda ya wageni, akasoma dua akaondoka. Mtoto kashaacha kuwapa majina. Sasa mke ananiambia nichague, mwisho wa mwezi aondoke binti au liondoke tenki. Kumfukuza mtu bila uhakika nafsi inakataa, ila na mimi kila nikiangalia tarehe naona matatizo yameanza na yeye. Nifanyeje mama?

Baba wa samaki, Tabata

---

Marahaba baba. Pole sana, na pole umfikishie na mtoto, mana mtoto akifika kuacha kutaja majina ujue kashaumia kimyakimya. Jina nimelificha kama ulivyoomba, ila kwa hao goldfishi sita na boza na binti wa Singida, mama mtoto akisoma hapa atajua ni nyie, na pengine sio vibaya, kwaiyo nitaandika nikijua nyote wawili mnanisikia.

Kwa ninavyokuelewa umeniletea maswali mawili, samaki wanakufa kwa nini, na huyu binti nimfanyeje. Hapo nyumbani yameshafungwa pamoja kana kwamba ni moja, ukijibu la kwanza la pili limejijibu. Mimi ningeanza kwa kuyafungua.

Hizo tarehe kwanza. Ni kweli vifo vimeanza binti alipokuja. Ila rudia barua yako uone mwezi huo kilibadilika nini kingine: mmehama, maji yamekuwa mengine, tenki jipya, filta mpya, samaki wapya kumi na nane kwa mara moja, filta ya zamani imebaki Magomeni. Binti yumo kwenye orodha, sikatai, ila yumo kwenye foleni ndefu na wenzake wote hawana mdomo wa kusingiziwa wala mfuko wa kufungasha.

Alafu hili la usafi. Samaki hana choo cha nje baba. Uchafu wa mwili wake mwingi unatokea kwenye mashavu, kule anakopumulia, kama amonia, na chakula kinachobaki chini kikioza nacho ni amonia. Amonia haina rangi, maji yanaweza kung'aa mpaka ukaona ukuta wa nyuma na bado yakawa yanaunguza mashavu ya samaki. Kinachomuokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji na kwenye mawe, kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Kwenye tenki jipya bakteria hao huchukua kama wiki nne mpaka sita kujaa, na vifo vya wiki ya pili wafugaji wa samaki wanavijua sana. Kile kitenki cha Magomeni kilikuwa nao tayari, ndani ya ile filta uliyomgawia jirani, na hakuna aliekwambia, muuza tenki ndo alitakiwa akwambie.

Sasa ile Jumamosi. Ukikamua sponji kwenye bomba mpaka irudi rangi yake, ule weusi uliotoka ndo nyumba ya bakteria, na klorini iliyomo kwenye maji ya bomba inammalizia aliebaki. Klorini yenyewe ipo kwa ajili yetu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji yakimfikia mtumiaji yabaki na angalau miligramu 0.2 kwa lita ili tusiugue, ila kwa samaki hata hiyo ndogo inaumiza. Kwaiyo kuna uwezekano, nasema uwezekano, kwamba kila wiki tenki lako linaanza upya kama limetoka dukani leo. Ongeza na boza. Maji ya boza Dar mara nyingi ni ya kisima, mazito yaani ya madini mengi, yana chumvichumvi na pH, kile kipimo cha maji kuwa asidi au magadi, iko juu, na pH ikipanda kutoka 7 kwenda 8 ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali inaongezeka karibu mara kumi, amonia ni ileile ila makali mengine kabisa. Na tenki la juu saa saba mchana unajua mwenyewe maji yanavyotoka yamechemka, ukiyamwaga moja kwa moja samaki anapigwa na joto juu ya yote.

Hao gurami wako wanaokuchanganya mimi wamenisaidia sana. Gurami ana kiungo kichwani cha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, maji yakikosa hewa au mashavu yakiungua yeye anapanda, anavuta, anashuka. Goldfishi, moli na enjeli hawana. Ukiona wenzake wanahema midomo juu wanakufa na yeye anakula, mara nyingi tatizo liko kwenye kupumua: amonia, nitriti, klorini, au hewa kupungua usiku umeme ukikatika na pampu ikazima. Nitriti ina tabia mbaya zaidi, inaharibu damu isibebe hewa, pampu inapiga mapovu vizuri na samaki anahema vilevile, ukimfunua mashavu unakuta rangi ya kahawia badala ya nyekundu.

Mkeo hata hivyo hajaongea upuuzi, na hapa naongea nae. Dawa nyingi za mbu za kupuliza ni jamii ya zile zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, hiihii inayolimwa Iringa na Mbeya, kwetu zina unafuu ila kwa samaki ni kali mno. Na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba inaisukuma ndani ya maji, kwaiyo hata mtu akipuliza korido na mlango wa sebule wazi, zingine zinaweza kufika. Ila samaki waliopatwa na sumu hiyo kwa kawaida wanacharuka, wanakimbia ovyo, wanatetemeka, wanalala ubavu, na gurami asingepona kirahisi maana anachohimili yeye ni kukosa hewa tu, sumu hiyo inapiga mishipa ya fahamu na hiyo anayo kama wenzake. Kuhema siku kadhaa na kufa wawiliwawili hakufanani sana na hiyo. Hakufanani sana, sijasema haiwezekani.

Na hata ingekuwa dawa, mama mtoto, hebu niambie, nani alimpangia apulize saa kumi na mbili, na nani alimweleza kwamba ile pampu inavuta hewa ya nyumba nzima? Neno la samaki kuliwa kwao, mimi pia nina ndugu bara, wakiona taa ya samaki wanasema hivyohivyo na hawana ubaya na mtu.

Ile pamba ya mdomoni watu wengi wanaiita fangasi. Inaweza kuwa fangasi kweli, ila mdomoni mara nyingi ni bakteria anaependa maji ya moto kama ya Dar, na anampata samaki alieshachoka na maji. Ukiitibu pamba ukaacha maji, anaefuata nae ataota. Huo unga wa kuku kama ulikuwa wa jamii ya tetrasaiklini, kwenye maji mazito ya kisima unashikana na madini unakosa nguvu, na wakati huohuo unaweza kuwaumiza bakteria wa filta uliokuwa unawahitaji. Sikulaumu, duka lenyewe halikukuuliza maji yako ni ya wapi.

Enjeli aliekonda mpaka mgongo ukapinda mimi nisingemuweka kwenye kesi moja na wenzake. Huyo alikwenda polepole, inaweza kuwa minyoo aliyokuja nayo dukani, inaweza kuwa kifua kikuu cha samaki. Hicho cha pili kinaambukiza watu kwenye ngozi kupitia kidonda, kinatoa uvimbe usiopona haraka mkononi, kwaiyo yeyote mwenye mchubuko asitie mkono bila glavu, mtoto ndo kabisa. Na mkimuona daktari kwa uvimbe wa hivyo mwambieni mnafuga samaki, bila kuambiwa atahangaika.

Sasa njia zilizopo. Ya kwanza ni kupima. Maduka ya samaki wa mapambo huwa na vijikaratasi vya kuchovya au chupa za matone, tafuta kinachopima amonia, nitriti, nitrati na pH, na uangalie vizuri, vijikaratasi vingi amonia havinayo. Pima Ijumaa jioni kabla ya kuosha, pima Jumapili, pima Jumanne, andika. Amonia na nitriti zinatakiwa ziwe 0. Pima na ya bomba na ya boza kabla hayajaingia. Hatari ya njia hii ni ndogo, utatumia hela kidogo na siku chache ambazo wengine wanaweza kufa ukisubiri.

Ya pili ni kubadili usafi hata kabla ya majibu. Maji utoe robo tu, yaliyokaa siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa au yaliyowekwa tone la kuondoa klorini, joto lilingane, sponji uisuuze ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tenkini, mawe usiyaguse, chakula kidogo mara moja kwa siku. Unaweza pia kumpigia yule jirani, kama kitenki bado kinafanya kazi na samaki wake wazima muombe kipande cha sponji yake chafu uweke kwenye filta yako, hiyo ni mbegu ya bakteria. Kama kwake nako wanaumwa, achana nayo, utabeba ugonjwa. Na ukae ukijua kwamba wiki za mwanzo wengine bado wataondoka, mashavu yaliyoungua hayaponi kwa siku mbili, na kifo kimoja kikitokea hapo katikati mnaweza kusema si unaona, ni binti tu.

Njia ya tatu ni maabara. Temeke kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, Morogoro kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo, piga simu kwanza uulize kama wanapokea samaki wa mapambo. Alielala amekufa usiku kucha kwenye maji ya joto hawafai, wanamtaka alie hoi au aliekufa sasa hivi, kwenye barafu bila kugandishwa. Ila wanaweza kukujibu bakteria fulani, ukashangilia, kumbe bakteria huyo ni mgeni tu aliekuta mlango wazi.

Kuna na kufunga tenki. Sio aibu. Ila waliobaki usimgawie mtu bila kumwambia walikufa wenzao, na usiwamwage mtaroni wala Msimbazi, samaki wa kigeni akipata mto anaweza kukaa huko na kuzaliana. Ukibaki na gurami wawili peke yao pia sio mbaya, ni samaki mlioishi nao. Na ukweli ni kwamba hata wakipona wote hilo tenki ni dogo kwa hao uliowachanganya, goldfishi anakua anafika kipimo cha kiganja na zaidi, anachafua sana, na anapenda maji ya baridi kuliko enjeli. Hilo utalikuta mbele.

Kuhusu dawa ya mbu hapa pana mtego, ngoja niuseme wazi. Ukisimamisha dawa na ukabadili usafi siku moja, samaki wana nafasi kubwa ya kupona ila hamtojua kamwe kilichokuwa kinawaua ni kipi, na shaka juu ya binti itabaki pale pale sebuleni. Ukibadili kimoja kimoja mtajua zaidi ila mtazika wengine mbele ya mtoto. Mnataka samaki wazima au mnataka mshtakiwa? Sijibu kwa niaba yenu, ila mkae wawili mjibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana naona kama mlikuwa mnatafuta vyote bila kujua vinavutana. Chandarua na nyavu za madirisha zipo kwa muda huo wa kujaribu, malaria isiwe ndo gharama ya samaki.

Ukimuondoa binti mwisho wa mwezi na vifo vikaendelea, utamfuata Singida kumuomba radhi? Na vikikoma, mtajuaje kama sio kwa sababu samaki walishapungua na amonia ikapungua nao? Kinyume chake, kumng'ang'ania abaki huku mkeo anamuangalia kwa jicho lile sio huruma pia, binti anaelala kwenye nyumba anayotuhumiwa anaumia kila siku. Labda umuite, ukiwa na mkeo, umuulize kama shahidi na sio kama mtuhumiwa: jioni anaanzia chumba gani, milango inakuwaje, umeme ulikatika siku zipi, aliona nini asubuhi kabla nyie hamjaamka. Yeye ndo anashinda na hao samaki mchana kutwa kuliko nyie wote. Pengine anajua kitu ambacho hakuna aliewahi kumuuliza, na mkeo akimsikia akieleza badala ya kulia atapata picha nyingine, au hatapata, mtajua palepale.

Mama yako muache na dua yake, haigombani na kipimo cha maji.

Mtoto nae mpe kazi ya kuandika namba kwenye daftari kila mnapopima. Ukija kugundua alikuwa anawalisha kwa siri, na watoto wengi wanafanya hivyo kwa mapenzi, tafadhali kesi isihame kutoka kwa binti kwenda kwake. Mweleze tu chakula kinaoza kinakuwa nini.

Ukishapata hizo namba za Ijumaa, Jumapili na Jumanne niandikie tena, na unitajie wiki hiyo maji yalikuwa ya bomba au ya boza.